Kosa Lina Mwenyewe
Mhadhara kwa wakaazi wa Lweba, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini



Mmeniomba niseme juu ya polisi, uhalifu na sheria. Habari hiyo ni pana, nami nitaishika upande mmoja tu, ule ambao kazi yangu ya uavoka, yaani uwakili, imenionyesha kuwa unatuumiza kuliko pande zote hapa kando ya Tanganyika. Kwetu, kosa likitendeka, tunatafuta wa kulipa kabla ya kumtafuta aliyelitenda. Kijana akiiba injini ya mtumbwi na kuvuka ziwa, anashikwa baba yake. Mwanajeshi mmoja akiua, wanajeshi wote wanakuwa wauaji. Mtu wa kabila fulani akichoma nyumba, tunasema kabila lile limetuchomea. Na polisi, ambaye kazi yake ingekuwa kuturudisha nyuma, mara nyingi anatutangulia mbio, kwa kuwa kumkamata baba aliyekaa barazani kwake si kazi ngumu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imeligusa jambo hili waziwazi. Kifungu cha 17 kinasema kwamba dhamana ya kosa la jinai ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa ajili ya tendo la mwingine. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Mimi ningependa kila mtoto wa shule hapa Lweba akijue kwa moyo kama anavyojua wimbo wa taifa, kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya Katiba inayovunjwa mara nyingi kama hiyo, na tunaoivunja ni wengi, wenye kombati na wasio nazo.

Nitaanza na kesi ambayo wengi wenu mnaikumbuka, maana ilisikilizwa hapa jirani, Baraka.

Tarehe 1 Januari 2011, huko juu Fizi, ugomvi ulizuka kwenye baa kati ya mwanajeshi na raia. Ugomvi ulipoisha, mwanajeshi yule alikuwa ameuawa na kundi la watu. Usiku ule wanajeshi wenzake, wakiwa chini ya luteni kanali Kibibi Mutuare, waliingia mjini. Walivunja nyumba na maduka, wakapora, wakapiga watu, wakabaka wanawake. Uzito wa mambo hayo mawili haulingani hata kidogo, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimeyaweka kwenye mzani mmoja. Mama aliyebakwa usiku ule hakumgusa mwanajeshi yeyote. Lakini angalieni hesabu iliyopigwa vichwani. Kundi lilisema: huyu anatosha kulipa. Kikosi kikasema: mji huu unatosha kulipa. Hakuna upande uliouliza ni nani hasa aliyefanya nini.

Swali hilo liliulizwa wiki chache baadaye. Mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, yenye makao yake Bukavu, ilihama na kuja kukaa Baraka. Kwa Katiba yetu, kifungu cha 156, mwanajeshi anahukumiwa na mahakama za kijeshi, na polisi pia. Na kwa kuwa Kibibi alikuwa afisa wa cheo cha juu, ilibidi ije mahakama ya mkoa yenyewe. Majaji walisafiri, waendesha mashitaka, makarani, maavoka wa pande zote mbili. Gharama zilisaidiwa na mashirika ya nje, wakiwamo wanasheria wa American Bar Association na mfuko wa Open Society, ambao tangu 2009 walikuwa wakiwezesha mahakama za kuhamahama kusikiliza kesi za ubakaji huku Kivu Kusini. Bila mafuta ya gari na posho za watu hao kesi ile isingesikilizwa. Ni aibu kwa Serikali, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wanawake 49 walitoa ushahidi. Fikirini maana yake katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, ambamo mwanamke aliyebakwa anaweza kufukuzwa na mume kabla ya jua kuchwa. Walinzi wa Kibibi wenyewe walisema dhidi yake. Yeye alikana yote, akasema ni njama ya kumchafulia jina. Tarehe 21 Februari 2011, hata miezi miwili haijatimia tangu usiku ule, hukumu ikasomwa: kosa dhidi ya ubinadamu. Majaji waliutumia moja kwa moja Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, wakati bunge letu lilikuwa bado halijauingiza katika sheria za nchi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa afisa mwenye amri, huku mashariki, kuhukumiwa hivyo kwa ubakaji.

Watu wengi wanakumbuka hapo tu: kanali amefungwa miaka 20. Mimi nawaomba mkumbuke hesabu nzima. Walioshitakiwa walikuwa 11. Kibibi na maafisa wengine watatu walipewa miaka 20 kila mmoja. Watano walipewa vifungo vilivyopungua hapo. Mmoja alionekana bado ni mtoto, akatolewa mikononi mwa mahakama ile apelekwe kwa majaji wa watoto. Na mmoja aliachiwa huru.

Huyo aliyeachiwa ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo. Mamia ya watu walikuja kufuata kesi, na hasira ilikuwa imejaa mji. Alikuwa na kombati ileile, wa jeshi lilelile. Kwa hesabu ya barabarani alikuwa amekwisha hukumiwa. Majaji wakatazama faili, wakaona kosa lake halikuthibitishwa, wakasema hivyo mbele ya watu. Kwangu, nguvu ya hukumu nzima iko hapo. Kwa kumwachia mmoja, walituhakikishia kwamba wale tisa walifungwa kwa matendo yao wenyewe. Kama wangefunga wote 11, tungeshangilia, halafu kesho yake wakili yeyote angeweza kusema kwamba Baraka walifunga kombati.

Na kosa kuwa na mwenyewe hakumpi mkubwa mlango wa kukimbilia. Kanali anayetuma askari, au anayewaona wanakwenda na hawazuii, ana kosa lake la peke yake, kubwa kuliko la askari. Ndiyo sababu ushahidi wa walinzi ulikuwa na thamani kubwa hivyo: ulifunga kamba kati ya amri na tendo. Kamba hiyo ilikosekana katika kesi ya Minova. Wanajeshi waliokimbia Goma mnamo Novemba 2012 walibaka wanawake wengi sana pale Minova, Kalehe. Kesi ikaja na washitakiwa 39, na waathirika zaidi ya elfu moja wakajiandikisha. Hukumu ya Mei 2014, Goma, iliwapata na hatia ya kubaka wanajeshi wawili tu. Makosa yalikuwapo, kila mtu aliyaona. Kazi ya kuyapatia wenyewe haikufanywa.

Sasa tujiulize kinachotokea pale ambapo hata kesi mbovu kama hiyo haipo. Jibu tunalo kwenye barabara hii hii namba 5 inayopita mbele ya nyumba zenu. Makobola iko kaskazini kwetu. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa pale, wazee, wanawake, watoto, na waasi wa RCD pamoja na majeshi ya nchi jirani yaliyowaunga mkono. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ile tunayoiita Mapping, inataja waliokufa zaidi ya 800. Hakuna hata mtu mmoja aliyesimama mbele ya jaji kwa ajili ya Makobola.

Na kosa lisilopata mwenyewe halipotei. Linagawiwa. Damu ya Makobola ilipandishwa milimani ikawekwa juu ya Banyamulenge wote, Watutsi wa Kongo wanaoishi huko juu, hata mchungaji wa ng'ombe ambaye hakuwahi kushika bunduki, hata mtoto aliyezaliwa miaka kumi baadaye. Tarehe 13 Agosti 2004, ng'ambo ya mpaka, Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini usiku. Kundi la waasi wa FNL la Burundi lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya. Hapo pia hakuna aliyehukumiwa. Basi damu ya Gatumba nayo ikatafuta wa kuibeba, ikawakuta Babembe, Bafuliiru, Barundi, yeyote aliye upande wa pili. Vita vya Minembwe na nyanda za juu vilivyotuletea wakimbizi mpaka hapa pwani vinakula chakula hicho hicho: kila upande una orodha ya maiti, na hakuna upande wenye orodha ya wauaji.

Najua ninaongea mbele ya watu waliozika ndugu zao Makobola. Sisemi msahau. Nasema mnadaiwa majina. Nani alitoa amri, nani aliongoza kikosi, nani alifunga mlango wa nyumba kabla ya moto. Majina hayo yakipatikana na kuhukumiwa, jirani yako wa mlimani anakuwa tena jirani, na wewe kwake vilevile.

Tunapenda kusema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa ndagala waliobaki juani siku mbili ni kweli, na mama wa soko la Baraka atakuambia hivyo. Kwa binadamu sheria imekataa, na imekataa kwa sababu mizoga ya hesabu hiyo tumeshaiona.

Nirudi chini, kwa mambo ya kila siku, maana si kila kosa ni Makobola. Kuna kuku, kuna nyavu zilizokatwa usiku, kuna simu, kuna ngumi za kwenye kantini.

Kila kitu kinaanzia kwenye karatasi. OPJ, yaani polisi mpelelezi, anapokusikiliza anaandika PV, ile karatasi rasmi ya maelezo. Kwenye vituo vyetu vingi karatasi hiyo inanunuliwa na mlalamikaji, na kalamu pia, na mafuta ya pikipiki ya kumpeleka mshitakiwa Baraka. Polisi halipwi vya kutosha, hana ofisi isiyovuja, na nimekutana na OPJ wanaoandika vizuri, kwa maandishi safi, juu ya gunia la simenti kwa kuwa meza hakuna. Wapo, na wanastahili kusifiwa kwa majina yao, kama vile wabaya wanavyostahili kulaumiwa kwa majina yao. PV nzuri inasema nani alikuwa wapi, saa ngapi, akaona nini kwa macho yake. PV mbaya inasema: inajulikana kwamba. Nimeshika mkononi PV ya kurasa tatu ambamo mashahidi wanne wote walisema maneno yaleyale, kwamba familia ile ni ya wezi tangu zamani. Hakuna aliyesema amemwona mtu akiiba. Kijana alikuwa amekaa kasho, yaani mahabusu ya polisi, siku nyingi kwa ajili ya sifa ya babu yake.

Siku nyingi, wakati Katiba, kifungu cha 18, inatoa saa 48. Mara unapokamatwa, OPJ anapaswa kukuambia umekamatwa kwa nini, akuruhusu kuwasiliana na familia au avoka wako. Saa 48 zikiisha, aidha unaachiwa au unapelekwa mbele ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka. Ndiyo maana daftari la kasho lina safu ya tarehe na saa ya kuingia. Safu ile ikiachwa tupu, saa 48 hazianzi kamwe. Msikubali ndugu yenu aingie ndani pasipo saa kuandikwa. Mwulizeni OPJ kwa heshima, na ninyi pia mwandike kwenu. Na pesa inayotolewa bila risiti ya Serikali msiite amande, yaani faini. Ina jina lake, mnalijua.

Kumshika mama kwa sababu mwanawe hapatikani kunafanyika sana, na wengi wetu tunaona ni ujanja mzuri kwa kuwa mtoto hurudi. Anarudi, ni kweli. Lakini yule mama amefungwa bila kosa, na aliyemfunga ametenda kosa. Polisi akifanya hivyo, nimekwisha sema anahukumiwa wapi: mashitaka yake yanapelekwa Auditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mashitaka ya jeshi, hayarudi kwa mkubwa wake wa kituo. Pelekeni tarehe, saa, jina lake, na mashahidi. Msiandike "polisi wa Lweba wanatutesa." Barua ya namna hiyo inawatukana wote na haimgusi yeyote.

Kundi la watu sasa. Vijana, hapa nawaambia ninyi. Mwizi amepigiwa kelele, matairi yametafutwa, mawe yameokotwa. Nawajua mnavyojitetea: tukimpeleka polisi, kesho tunamwona barabarani. Hoja hiyo siidharau, nimewaona hao wa kesho barabarani. Ila jiulizeni katika kundi la watu hamsini ni wangapi walimwona akiiba. Mara nyingi ni mmoja, mara nyingine hakuna, kelele tu. Mkishaua mmeziba mdomo pekee ambao ungesema alitumwa na nani, na mali iko wapi. Wenye genge wanafurahi mnapomchoma mtoto waliyemtuma. Tena sheria haijui kosa la kundi: akikamatwa mmoja wenu mwenye jiwe, ni muuaji, peke yake, na wale 49 wengine watakuwa wamekwenda kulala. Na wale bibi wazee wanaouawa Kivu Kusini kwa kuitwa wachawi, hao hata kosa halipo. Hakuna sheria ya Kongo inayomwadhibu mtu kwa uchawi, lakini anayemuua bibi anaadhibiwa kama muuaji mwingine yeyote.

Kuna njia nyingine ya kulipoteza kosa, ya kimya, nayo inapita mikononi mwa wazee wetu wa heshima. Msichana amebakwa. Familia mbili zinakutana, mbuzi wanahesabiwa, dola kadhaa, pengine binti anaozwa kwa yule yule. Anayelipa ni baba wa kijana, anayepokea ni baba wa binti. Mtendaji hakutamka neno, aliyetendewa hakuulizwa neno. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilitungwa kwa ajili hiyo. OPJ akipokea kesi ya ubakaji, ndani ya saa 24 anapaswa kumjulisha mwendesha mashitaka. Uchunguzi usizidi mwezi mmoja. Hukumu isizidi miezi mitatu. Na amande ya kumalizia kesi polisi hairuhusiwi. Wazee, baraza letu lina kazi nyingi nzuri, mipaka ya mashamba, madeni, ndoa, na sitaki ife. Kesi hii si yake.

Mtu ataniuliza kama kuna nchi jirani ambako polisi mwenyewe alihesabiwa hivi, mtu kwa mtu. Ipo Kenya. Mnamo Juni 2016 avoka Willie Kimani, mteja wake na dereva wao waliuawa, baada ya mteja huyo kumshitaki polisi aliyempiga risasi. Kesi ilichukua miaka. Februari 2023 mahakama ya Nairobi ilimpa polisi Fredrick Leliman adhabu ya kifo, polisi wa pili miaka 30, polisi wa tatu miaka 24, na mtoa habari wao, raia, miaka 20. Polisi wa nne aliachiwa. Mimi binafsi siamini adhabu ya kifo, na nasikitika kwamba Kongo mwaka 2024 iliamua kuirudisha katika utekelezaji. Lakini tazameni jinsi zigo lilivyopimwa kwa kila mbeba wake. Sisi kwetu, kwa Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu aliyeuawa Kinshasa Juni 2010 baada ya kuitwa makao makuu ya polisi, tumefika nusu ya njia: maafisa wamehukumiwa, tena mwaka 2022, na swali la nani aliyewatuma bado linauma.

Mwisho niseme juu ya wale wanawake 49. Mahakama ya Baraka iliamuru walipwe fidia, na Serikali ikawekwa kuwa mlipaji pamoja na waliohukumiwa. Malipo yale hayakuwafuata nyumbani kama hukumu ilivyosema. Kwa miaka mingi mwanamke aliyesimama mbele ya kanali akashinda kesi amebaki na karatasi tu. Sasa kuna sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 juu ya ulinzi na fidia kwa waathirika wa ubakaji wa vita, na mfuko wake, FONAREV, upo. Lakini MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuwa ukisafirisha majaji na kulinda mashahidi, ilifunga kazi zake Kivu Kusini Juni 2024. Bukavu, yalikokuwa makao ya mahakama ile, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Kwa hiyo kazi ya kutunza faili imekuwa yetu zaidi kuliko zamani. Maavoka wa Uvira na Baraka, vyama vya akina mama, na machefu mlioko hapa, tukae pamoja kabla ya msimu wa mvua kufunga barabara. Tutafute nakala za hukumu ya 21 Februari 2011, tuzihifadhi zaidi ya mahali pamoja, ng'ambo ya ziwa ikibidi. Kila aliyetajwa humo tumtafute kwa siri inayostahili, na akitaka, tumsaidie kujaza fomu ya FONAREV. Mimi najitolea kuziandika zile za Lweba na Mboko bila malipo, na karatasi nitanunua mwenyewe.